Uchaguzi wa Mikono Mitupu

Njia ya kwenda Fadhilani sitaieleza. Kila aliyejaribu kuieleza amekosea, nami sina haja ya kujiunga na waongo uzeeni. Itoshe kwamba nilifika, nikiwa na begi moja na tabia ya kuulizauliza, tabia niliyoipata redioni, nilikotangaza matokeo ya chaguzi za kwetu hadi sauti ikakauka na mwajiri akanistaafisha. Nilikuwa nimesikia kwamba Fadhilani wameukomesha kabisa ununuzi wa kura. Mtu aliyeona niliyoyaona kwetu, kofia, fulana na vibaba vya sukari, hawezi kusikia habari kama hiyo akalala usingizi. Nikaenda kushuhudia. Ni kweli wameukomesha, na nitasema walivyofanya.

Asubuhi yangu ya kwanza, katika soko la Mtondoo, ambao ndio mji mkuu wa jimbo la jina hilohilo, niliteleza kwenye maji ya samaki nikaanguka chali. Sijawahi kuangukia mikononi mwa watu wema kiasi kile. Muuza ndimu aliniinua, mwenzake akanifuta matope mgongoni, wa tatu akaniletea kiti, na wote wakanipa pole kana kwamba wao ndio waliomwaga yale maji. Lakini pembeni walisimama mabwana wawili na bibi mmoja, wamevaa vizuri, glavu nyeupe mikononi, nao muda wote nilipokuwa chini walikuwa wanatazama mawingu. Mawingu yenyewe hayakuwepo.

"Wale vipi?" nikamuuliza muuza ndimu. "Wana hasira na wageni?"

"Hata! Wale ni watia nia wa chaguzi za mbele," akanijibu. "Usiwalaumu, baba. Hawajui kama una kura; wakimwinua mpiga kura wameharibikiwa."

Zamani, nilielezwa, jimbo hilo lilimpata mjumbe aliyegawa chumvi nyumba kwa nyumba, akapita bila kupingwa, kisha akaezua paa la zahanati akaliezekea banda la mbuzi wake. Watu wakakasirika, na katika hasira hiyo wakatunga Sheria ya Mikono Mitupu: yeyote aliyewahi kufaidika kwa mgombea haruhusiwi kumpigia kura mgombea huyo. Ndiyo sheria nzima. Nilipoisoma mara ya kwanza nilipiga makofi peke yangu chumbani. Tenda wema nenda zako, nikajiambia, hatimaye imepata nchi ya kuitekeleza.

Ila sheria haikusema chumvi, ilisema kufaidika. Na mahakama za Fadhilani, ambazo ni makini mno, zimeamua kwamba kuinuliwa ukianguka ni kufaidika, kuonyeshwa njia ni kufaidika, na katika shauri moja maarufu, kuambiwa kwamba una mchicha kwenye meno ni kufaidika. Kwa hiyo anayetaka kuingia Baraza la Jimbo lazima aanze mapema kutomfaa mtu yeyote. Wazazi wenye tamaa huwaanzishia watoto wao wakiwa bado wananyonya.

Aliyefuzu kuliko wote alikuwa Bwana Idarusi Shembilu, mjumbe wa Mtondoo, aliyekuwa anatetea kiti chake. Nilikutana naye barabarani. Mbele yake alitembea mtumishi anayeitwa mwepushi, akipiga kengele na kutangaza, "Mwenye shida apishe! Mwenye shida apishe!" Kazi yake ni kuwaondoa wahitaji njiani, asije bwana wake akamfaa mtu kwa bahati mbaya. Nyuma yake akaja Bwana Idarusi mwenyewe, mtu mrefu, mpole, mwenye macho ya huzuni, mikono yake ameikunja kifuani kama mtu aliyebeba mayai.

"Nimekuona," akaniambia. Ndivyo wagombea wanavyosalimu. Kumuuliza mtu habari gani ni hatari, anaweza kukujibu.

Kwa kuwa mimi mgeni sina kura, aliruhusiwa kunikaribisha nyumbani. Nilitarajia kumchukia, kusema kweli nilikwisha jiandaa, lakini nilishindwa. Alizungumza kama mtu aliyefungiwa ndani siku nyingi. Nikamuuliza kama katika maisha yake yote hajawahi kumsaidia kiumbe.

"Mara moja nilikaribia," akasema. "Nikiwa mdogo. Nilikuta kifaranga kimetumbukia mtaroni, nikakitoa. Baba akakirudisha."

"Akakirudisha mtaroni?"

"Mwenye kifaranga alikuwa jirani yetu, mpiga kura. Baba alikuwa na mipango na mimi."

"Kikafa?"

"Sijui, mgeni. Baadaye mama alitoka nje na taa. Sikuuliza." Akainamisha kichwa akawa anazitazama glavu zake.

Kesho yake alinipeleka Barazani kusikiliza. Mjadala ulikuwa juu ya daraja la Mto Kitivo. Fedha zilikuwepo, mawe yalikuwepo, mafundi walikuwepo. Tatizo lilikuwa kwamba watu wangevuka. Mjumbe mmoja alisema kwa uchungu wa kweli kwamba yeye ana wapiga kura pande zote mbili za mto na hawezi kukubali wafaidike kwa namna hiyo. Mwingine akapendekeza daraja lijengwe bila ngazi ya kupandia. Walibishana kwa heshima, kila mmoja akimwita mwenzake ndugu mheshimiwa, na mwishowe wakaafikiana kwa kauli moja kulijenga hadi katikati ya mto na kuliacha hapo. Bwana Idarusi alipiga kura ya ndiyo. Nililiona daraja hilo. Ni zuri sana, limetiwa hata taa.

Basi unaweza kufikiri nilivyoshangaa nilipoambiwa kwamba safari hii Bwana Idarusi ana mpinzani, na kwamba mpinzani huyo ni Wakili Mwanamvua Kitogo.

Wakili Mwanamvua alikuwa mwanamke wa makamo, mnene kiasi, mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Aliongoza shirika liitwalo Sauti ya Jirani, ofisi yake ilikuwa katika chumba kilichokuwa zamani duka la viatu, na hapo mlangoni foleni ilianza alfajiri. Aliwatetea watu mahakamani bila malipo. Hapakuwa na ukoo Mtondoo ambao hajawahi kuusimamia. Kwa maneno mengine, hapakuwa na mgombea mbaya kumpita yeye tangu nchi iumbwe.

"Nani atakupigia kura?" nikamuuliza. Nilimuuliza hivyohivyo, bila kupaka mafuta.

"Wahamiaji wapya wa mtaa wa Magofuni," akasema akicheka. "Na wale jamaa wa mlimani wasiopatana na mtu, hawajawahi kunihitaji. Na wewe ungenipigia, ila ndiyo hivyo, huna kura."

"Kwa nini basi unajisumbua?"

Akaacha kucheka. Akanieleza juu ya sheria nyingine ya jimbo hilo, kongwe kuliko ile ya kwanza, inayoitwa Sheria ya Kimya. Inasema kwamba mtu akichukuliwa kitu chake asiseme, na mwezi ukaandama asiseme, ameridhia. Kimya ni ridhaa. Wapo watu waliosajiliwa kabisa, wana leseni, wanaoitwa wahamisha vigingi. Kazi yao ni kusikiliza nani amelazwa hospitalini, nani yuko matangani mbali, nani amejifungua kwa shida, kisha huenda na nyundo zao wakasogeza mpaka wa shamba lake. Hawavunji sheria yoyote. Mtu akirudi anakuta amekwisha ridhia.

"Sheria inaruhusu mwingine akusemee, kama hajapitiliza mwezi," akasema Wakili. "Basi mimi kazi yangu ni hiyo, kuwasemea watu. Nimeishinda kesi hiyohiyo mpaka nimeichoka, mgeni. Ya jana ni ya leo, jina tu limebadilika. Natibu homa, na dimbwi la mbu liko palepale nyuma ya nyumba. Sasa nataka kwenda kulifukia."

"Utalifukiaje?"

"Kwa sentensi moja tu Barazani: aliyenyamaza aulizwe kwanza. Basi."

"Na hakuna mjumbe aliyewahi kuipeleka?"

"Sentensi hiyo ikipita, jimbo zima limefaidika. Nani atampigia tena aliyeipeleka?" Akainua mabega. "Mimi haidhuru. Nikae awamu moja, niipitishe, wanifukuze. Nitarudi hapahapa kwenye duka langu la viatu."

Nilitoka pale nikiwa nimemwonea huruma na wivu kwa pamoja. Katika miaka yangu yote ya redio sikuwahi kukutana na mgombea aliyekuwa anataka kiti ili akiache.

Siku ya uchaguzi watu walikusanyika katika uwanja wa mnada. Utaratibu wao ni wa wazi, kila mtu asikie. Msajili, Bwana Ngwali, mzee mwenye miwani na koti lililomzidi, hukaa mezani. Mpiga kura huapa, kisha huulizwa juu ya kila mgombea: amewahi kukufaa? Akijibu ndiyo, kibuyu cha mgombea huyo anafungiwa. Akijibu hapana, hupewa punje ya hindi akaitumbukize. Na jibu likishaandikwa na Msajili, uwanja ukafungwa, linakuwa ukweli wa serikali. Hakuna mahakama inayoweza kuligeuza, hata kama jiwe litasema vingine.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Fundi Lukoo, mshona mabegi, ambaye Wakili alikuwa amemrudishia shamba lote la migomba. Nilikuwa nimeshuhudia akimletea mkungu ofisini.

"Wakili Mwanamvua Kitogo amewahi kukufaa?" akauliza Msajili.

"Huyu?" akasema Fundi Lukoo kwa sauti kubwa. "Simjui! Mama huyu hajawahi kunifaa kwa lolote. Hakuja kwangu siku ile ya mvua kubwa, wala hakuvua viatu vyake mlangoni, wala hakula muhogo wa mke wangu akausifu. Hakunisemea mbele ya hakimu mpaka jasho likamtoka. Mimi naona ni mwanamke asiyefaa kabisa."

Uwanja ukaguna, kisha ukaelewa. Msajili akaandika. Punje ya Fundi Lukoo ikalia ndani ya kibuyu cha Wakili.

Baada yake wakaja wengine, na kila aliyekuja alimkana kwa bidii kuliko aliyetangulia. Mwanamke mmoja aliapa kwamba Wakili hakumpa mwanawe jina lake la pili. Mzee mmoja alisema kwa machozi kwamba mama huyu ni mchoyo, hana utu, na Mungu amlipe sawasawa na alivyomtendea yeye. Fadhila ya punda ni mateke, husema wahenga, lakini siku ile niliona mateke ambayo ndiyo fadhila yenyewe. Niliangua kicheko. Wakili naye alicheka mpaka akashika mbavu. Kibuyu chake kilikuwa kinajaa, na Bwana Idarusi, upande wa pili, alikuwa amekaa wima huku mwepushi akimpepea.

Kisha nikamwona Wakili amenyamaza. Alikuwa haangalii kibuyu. Alikuwa anaangalia ukingo wa uwanja, ambako walisimama watu sita au saba wenye nyundo viunoni. Wahamisha vigingi. Walikuwa wanasikiliza kila jibu kwa makini, na mmoja wao alikuwa anahesabu kwa vidole.

Akasimama.

"Napinga," akasema.

Msajili akavua miwani. "Unapinga nini, Wakili? Wanakupa kura."

"Napinga jibu la Fundi Lukoo na majibu yote yaliyofuata. Nilimfaa. Niliwafaa wote."

Kelele zilizoibuka hapo sijawahi kuzisikia hata katika fainali za mpira. Fundi Lukoo alikuja mbio mpaka mbele ya meza. "Mama Wakili, nyamaza! Kaa chini! Tunajua tunachofanya!"

"Hamjui," akasema Wakili. "Fundi, ukisema sikukusemea, basi hukusemewa. Kama hukusemewa, ulinyamaza. Na kama ulinyamaza, shamba si lako tena. Jibu limekwisha andikwa hapo mezani; uwanja ukifungwa ni ukweli wa serikali, kesi yako imefutika. Geuka uwaone wale pale. Wanangoja uwanja ufungwe tu waende na nyundo."

Fundi Lukoo akageuka akawaona. Nikadhani yamekwisha. Lakini watu wa Fadhilani ni wabishi katika wema kama wengine walivyo wabishi katika shari.

"Basi wachukue," akasema. "Wachukue shamba. Wewe ingia Barazani, upitishe ile sentensi yako, utaturudishia."

"Ndiyo!" wakaitikia nyuma yake. "Wachukue!"

"Baraza linakaa baada ya mavuno," akasema Wakili. "Nani atakurudishia mgomba uliokwisha katwa? Na mkeo atapika nini hapo katikati, sheria?"

"Tutavumilia."

"Mimi sitavumilia." Akasogea mpaka karibu naye. "Fundi, nakitaka kiti hiki. Usidhani sikitaki. Nimekiota. Lakini nikianza kuwauza ninyi ili nikawatetee ninyi, nitakuwa nimeingia Barazani kumtetea nani? Na nikikaa kimya hapa nikaridhia uongo wenu kwa sababu unanifaa, nitasimamaje kuipinga Sheria ya Kimya?"

Msajili, ambaye kwa kazi yake haruhusiwi kuwa na uso, alikuwa anafuta miwani isiyo na vumbi. Akasema kwamba kwa mujibu wa kanuni mgombea anaweza kupinga majibu kabla uwanja haujafungwa, lakini lazima apinge jibu la mtu mmojammoja, kwa jina, na aeleze alivyomfaa.

Ndivyo alivyofanya. Mchana wote. Waliitwa tena mmojammoja, punje zao zikatolewa kwenye kibuyu, naye akasimama kwenye jua na kukumbuka. Huyu nilimsemea alipokuwa amelazwa. Huyu nilimsemea alipokuwa matangani. Huyu alikuwa anauguza mama yake. Wengine walimwomba asiwataje. Wengine walijificha nyuma ya jirani zao, naye akawaita huko walikojificha. Sauti ikaanza kumkauka, na mimi ninayejua kukauka kwa sauti nikaenda kumpelekea maji. Waliokwisha pingwa waliruhusiwa kumpigia Bwana Idarusi, ambaye kwa hakika hajawafaa, lakini walikataa, wakaenda kuketi chini pembeni mwa uwanja.

Jua lilipokuwa linapungua akaitwa Bi Rehani, bibi mfupi anayechechemea, amejifunga kanga mbili. Msajili aliinuka kumpokea.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Uliza."

"Wakili Mwanamvua Kitogo amewahi kukufaa?"

"Amenifaa," akasema Bi Rehani. Hakungoja kupingwa. "Nilipovunjika nyonga nikalazwa, walihamisha kigingi mpaka kikaingia jikoni kwangu. Alinisemea. Na niliporudi sijaweza kuinuka, alikuwa akija kunichotea maji. Hilo la maji halimo kwenye kesi, lakini liandike."

"Nimeandika. Bwana Idarusi Shembilu amewahi kukufaa?"

Bi Rehani alimtazama Bwana Idarusi. Ndipo nilipoyaona yale macho ya huzuni katika nyuso mbili, nikaelewa kabla sijaambiwa.

"Huyu ni mwanangu wa kumzaa," akasema. "Sina mwingine. Nilipolazwa alikuwa akipita kila asubuhi chini ya dirisha la wodi, kengele mbele yake. Nilikuwa nikiisikia kengele nainuka kidogo nimwone. Hajawahi kunifaa kwa lolote, Bwana Msajili. Tulimlea hivyo mimi na marehemu baba yake, na amelelewa akaleleka. Andika."

Kalamu ya Msajili ilichukua muda mrefu kuandika maneno hayo machache.

"Basi, Bi Mkubwa, kibuyu cha Bwana Idarusi kiko wazi kwako. Ila si lazima. Wengine wamekataa."

"Nipe punje yangu."

"Bi Rehani..."

"Nimesema nipe. Kwa sheria yenu hii ni haki yake, ameifanyia kazi tangu utotoni. Mama gani anamnyima mtoto kitu alichokililia maisha yake yote?"

Akapewa. Akaenda nayo kuelekea kwenye kibuyu, kilichowekwa juu ya jukwaa dogo, na alipokuwa anapanda nyonga ikamsaliti, akayumba. Bwana Idarusi aliinuka. Nilimwona kwa macho yangu, mkono wake ulinyooka, glavu na yote, na mwepushi akaudaka akamnong'oneza jambo sikioni. Mkono ukabaki hewani. Wakili Mwanamvua ndiye aliyemshika bibi, akamsaidia kupanda, akamsubiri aitumbukize punje ile katika kibuyu cha mpinzani wake, akamshusha. Nililia. Sioni sababu ya kuficha.

Bwana Idarusi alishinda kwa kura za watu wachache matajiri na kura ya mama yake. Wakili alipata za Magofuni na za wale wa mlimani. Wahamisha vigingi walikaza mikanda ya nyundo zao wakaenda zao kutafuta wagonjwa wengine, maana Sheria ya Kimya ilikuwa bado iko hai, na hilo ndilo lililowauma watu kuliko matokeo. Nilimsikia Fundi Lukoo akimwambia mkewe kwamba mwaka huu haruhusiwi mtu kuugua nyumbani kwao.

Siku niliyokuwa naondoka nilikwenda kumuaga Wakili. Foleni ilikuwepo kama kawaida, ofisi imejaa, naye anazungumza kwa kunong'ona kwa sababu sauti ilikuwa haijarudi. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya kumfariji, maneno mazuri, lakini sikuyasema, kwa sababu mlango ulifunguliwa akaingia Bwana Idarusi Shembilu. Mwepushi hakuwepo. Glavu pia hazikuwepo, na mikono yake ilikuwa imepauka kama muhogo uliomenywa. Watu wote ndani ya chumba wakampisha.

"Nimekuona," akasema, kisha akajirudi. "Habari gani, Wakili?"

"Mbaya," akanong'ona Wakili. "Sauti imekwisha, miguu inauma, na wewe umenishinda."

"Pole," akasema Bwana Idarusi, kisha akashtuka, kama mtu aliyesikia kitu kimevunjika akadhani ni yeye. Hakuna kilichovunjika. Akasogea mezani. "Ile sentensi yako. Aliyenyamaza aulizwe kwanza. Nitaipeleka kikao kijacho. Wapo wajumbe wanaohitaji kimya changu katika mambo yao, nitawaambia bei ya kimya hicho ni kura zao."

Wakili akaweka kalamu chini. "Ikipita, Mtondoo hutapata hata kura moja."

"Najua."

"Umefikiri vizuri?"

"Nilikwenda kwa mama jana kumwambia."

"Akasemaje?"

"Alisema hatanipigia tena. Halafu akaniambia nikae, akanipakulia."

Wakili aliinama akawa anatafuta kitu chini ya meza, na alipoinuka macho yake yalikuwa mekundu na mikononi hana kitu.

"Tatizo ni kwamba sijawahi kufanya jambo la namna hii," akasema Bwana Idarusi kwa unyonge. "Mtu huwa anaanzaje?"

Wakili akatupa macho mlangoni. Nje alikuwepo mama mwenye mtoto mgongoni na kapu kichwani, anausukuma mlango kwa goti, na mlango unamrudia.

"Anza na huo mlango," akamwambia.

Mheshimiwa mjumbe wa Mtondoo akaenda akaushika mlango kwa mikono miwili, kwa nguvu zake zote, lakini alisimama katikati kabisa ya njia, yule mama akashindwa kupita.

"Jisogeze kidogo, baba," mama akamwambia.

Akajisogeza. Mama akapita. "Ahsante," akasema, akaenda kukaa.

Bwana Idarusi alifungua kinywa na hakujua kinachojibiwa hapo. Akabaki ameushika ule mlango, ameusahau mkononi, na wale waliokuwa nje kwenye foleni, walipoona umekaa wazi, wakaanza kuingia.